Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujifunza kuandika kwa kuiga waliotutangulia

Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa barazani, Ngamiani hapa Tanga, watu saba au wanane, siku nyingine kumi na wawili, tunaandika. Hatufundishani kwa hotuba. Tunafanya mazoezi yaliyotokana na mbinu za waandishi tuliowasoma, kisha kila mtu anasoma alichokiandika na wengine wanamsema. Maswali yaliyo hapa ndiyo anayoyauliza karibu kila mgeni. Nimeyapanga kama yanavyokuja, si kwa uzito wake.

Zoezi la kuiga mwandishi ni kitu gani hasa?

Ni kuchukua jambo moja alilolifanya mwandishi, moja tu, ukalifanya wewe kwa habari yako mwenyewe. Wageni wengi wakisikia "leo tunamwiga Shaaban Robert" hukimbilia maneno ya kale, wakanyunyiza "naam" na "ama kwa hakika" kila sentensi ya tatu. Hiyo ni kanzu ya babu: umeivaa, lakini mwendo ni ule ule wako wa jana.

Kinachoigwa ni uamuzi. Mimi huwaambia wenzangu wasiulize mwandishi kafanya nini, waulize alikataa kufanya nini. Alikataa kuitaja nchi yake? Alikataa vina? Alikataa kutuingiza kichwani mwa mhusika mkuu? Ukilijua katazo lake, jiwekee hilo hilo kwa ukurasa mmoja. Basi, hilo ndilo zoezi.

Njia yenyewe ni kongwe. Benjamin Franklin, Mmarekani, anasimulia katika habari za maisha yake kwamba ujanani, alipokuwa mwanagenzi wa uchapaji huko Boston, alikuwa akisoma insha za Spectator, gazeti la London, anaandika kidokezo kifupi cha wazo la kila sentensi, anaiweka insha kando kwa siku kadhaa, halafu anajaribu kuijenga upya kwa maneno yake na kulinganisha na ile ya asili. Nyingine alizigeuza mashairi, na akishazisahau kidogo akazirudisha kuwa nathari. Ukurasa mmoja wa namna hiyo utakufundisha zaidi ya warsha ya siku mbili yenye chai na vyeti.

Huo si wizi?

Ukichukua sentensi za mtu ukaziwekea jina lako, ni wizi. Ukichukua namna yake ya kufungua mlango, ukafungua mlango wa nyumba yako, si wizi. Hata hivyo swali hili hunishangaza kidogo likitoka kwa Mswahili, maana ushairi wetu umelelewa kwa kujibizana. Mtu anatunga shairi kwa vina fulani, mwenzake anamjibu kwa vina vile vile na mizani ile ile, na wa tatu anaingia kuwaamua. Kurasa za mashairi za magazeti, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, zimewaona malenga wakikamatana hivyo. Hakuna aliyeitwa mwizi kwa kutumia vina vya mwenziwe. Aliyechekwa ni yule aliyeshindwa kuvifuata.

Nianze na mwandishi gani?

Yule uliyemsoma mara mbili bila kulazimishwa na mtihani.

Nipe zoezi moja nilifanye leo.

Chukua nchi isiyokuwepo. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza. Nchi yenyewe inaelea angani. Kuna mtu anaitwa Karama, ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha watu uanasheria, naye anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa nchi za mbali na kurudi kulipwa mateso. Mshitaki wake anaitwa Majivuno. Tazama makatazo yaliyomo humo. Mwandishi hakuitaja nchi yoyote iliyo kwenye ramani. Hakumwacha mshitakiwa ajitetee kwa hoja tupu, kamtetea kwa visa. Na hakupoteza karatasi kueleza tabia za watu, maana majina yameshasema.

Zoezi letu basi: buni nchi yenye sheria moja ya kipuuzi ambayo wenyeji wanaiona ya kawaida kabisa. Mweke mtu mmoja mashitakani kwa kuivunja. Ajitetee kwa kusimulia kisa, asihutubie. Maneno mia nne, usizidishe.

Dada mmoja wa kikundi chetu, muuza vitenge, alileta nchi ya Foleni. Huko watu huzaliwa wakiwa kwenye mstari, na mtoto hurithi nafasi ya mzazi wake. Hakuna anayekumbuka dirishani kunatolewa nini. Mshitakiwa ni kijana aliyetoka mstarini kwenda haja akarudi akakuta nafasi yake imezibwa, akaamua kutembea mpaka dirishani aone. Mwendesha mashitaka anaitwa Bwana Subira. Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini rasimu ya kwanza ilikuwa na kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: mwishoni dada alitueleza kuwa Foleni ni nchi fulani na dirisha ni ofisi fulani. Tulimkatia sentensi mbili za mwisho, na hadithi ikasimama. Nchi ya kubuni inakufa dakika unapoitolea tafsiri.

Jambo jingine kuhusu majina. Jaribu kumpa mtu jina lisilomfaa. Mwizi anayeitwa Amini ana kazi kubwa zaidi kwenye hadithi kuliko mwizi anayeitwa Tamaa.

Mazungumzo ya wahusika wangu yanasikika kama taarifa ya habari. Nifanyeje?

Andika kisa kimoja kwa vinywa vingi. Zoezi hili tumelichukua kwa Mfaransa Raymond Queneau, ambaye mwaka 1947 alichapisha kitabu chenye kisa kimoja kidogo sana, cha ugomvi ndani ya basi la Paris, akakisimulia kwa namna 99. Sisi hatuhitaji Paris, tuna daladala. Kisa chetu: abiria katoa noti ya elfu mbili, kashuka bila chenji. Namna 99 ni nyingi kwa Jumamosi moja, sita zinatosha. Hizi tatu nilizipenda.

Polisi: "Mnamo majira ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlalamikaji alipanda gari ya abiria akitokea Kange na kutoa noti moja ya shilingi elfu mbili. Baada ya kuteremka alibaini kuwa hajapatiwa chenji yake."

Konda: "Mzee kakaa siti ya nyuma, kimya, mpaka tunaingia Barabara ya Nane hasemi kitu. Kashuka ndo anapiga mayowe. Ningejuaje? Mimi nina vichwa thelathini humu ndani."

Mzee mwenyewe, kwa ujumbe wa simu: "Mwanangu ile nauli uliyotuma imeliwa na gari. Usihangaike kutuma nyingine leo."

Angalia ule wa tatu. Hamna neno "konda", hamna "chenji", hamna hasira, na bado unajua mzee ni wa namna gani na mtoto atafanya nini akishausoma. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, ambaye kwa miezi alikuwa akiandika watu wanaoongea kama vitabu vya kiada, alifika toleo la tano, la mpiga debe, akakwama. Jumatatu akaenda stendi na daftari. Aliporudi wiki iliyofuata alisema kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: mpiga debe hasemi "panda", anasema "twende", kana kwamba umeshapanda. Tangu siku hiyo watu wake wanaongea.

Nawezaje kuandika mambo makubwa, kama siasa au uhuru, bila kuhubiri?

Yaingize kwa mlango mdogo. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ina ndani yake harakati za kupinga ukoloni Zanzibar, lakini hatuanzi na harakati. Tunaanza na Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi aliyeozeshwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa babu yake. Siasa tunakutana nayo baadaye, wakati tumeshamhurumia mtu.

Katazo la zoezi: usitumie maneno serikali, mkoloni, uhuru, haki, wala wananchi. Andika kuhusu mgawo wa maji, nyumba ya kupanga, au ndoa, na serikali ionekane pembeni tu, kama mtu anayepita dirishani.

Nataka kuandika hadithi ya upelelezi.

Msome Muhammed Said Abdulla, baba wa aina hii kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960, na baada yake mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, akaendelea kuonekana katika vitabu kadhaa. Deni lake kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, liko wazi. Msa tunamtazama kwa nje, mara nyingi kupitia mshangao wa rafiki yake Najum. Yeye anajua, sisi hatujui, ingawa tumeona vitu vile vile alivyoviona yeye.

Kwa hiyo andika kwanza ukurasa wa mwisho, ule wa kufichua. Orodhesha vitu vitatu vilivyomfichua mhalifu. Sasa rudi mwanzo uviweke vyote mbele ya macho ya msomaji, kila kimoja kikiwa kimekaa karibu na kitu cha kuchekesha au cha kuudhi kinachomvuta macho. Ukificha ushahidi kabatini, msomaji ataona umemdanganya. Ukiuweka mezani kando ya sinia la mandazi, lawama ni yake.

Je, ni lazima nijue mizani na vina hata kama naandika nathari?

Si lazima. Lakini sijaona zoezi linalonyoosha sentensi haraka kama utenzi, na hapa nitakaa kidogo.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Vitatu vya kwanza vinafanana kina, cha nne kina kina chake, na hicho hurudi mwishoni mwa kila ubeti mpaka utenzi uishe. Mwana Kupona, mshairi wa kale, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 kwa umbo hilo hilo. Katazo hapa umbo limeshakuwekea. Huwezi kuongeza neno kwa sababu tu unalipenda. Hesabu kwa vidole:

Nilifika saa nane
nikitaka tuonane
tena tusigombezane
nikakuta umelala

Ni-li-fi-ka-sa-a-na-ne: nane. U-me-la-la ni nne tu, na nikakuta inakupa nne za kwanza. Ubeti unaofuata utabuni vina vitatu vipya, ila kipande cha mwisho lazima kiishie na "la". Hapo ndipo raha ilipo, maana "la" itakupeleka mahali ambapo hukupanga kwenda: chakula, mswala, kulla, hila, dola. Mtu aliyekuwa anaandika juu ya mpenzi aliyelala anajikuta anaandika juu ya chakula kilichopoa. Andika beti sita, kisha uvunje utenzi wako uwe aya ya nathari, kama alivyokuwa akifanya Franklin. Aya itakayotoka itakuwa imekonda vizuri.

Wapo watakaokwambia ushairi bila vina si ushairi. Ugomvi huo ulipamba moto miaka ya sabini, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 akiwa ameacha vina na mizani. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na washairi wazuri na wabovu. Ninachokataa ni mtu kuacha vina kabla ya kujaribu kuviweka.

Katazo la ajabu kuliko yote mliyowahi kujaribu ni lipi?

Kuandika bila herufi moja. Georges Perec, Mfaransa mwingine, alitoa riwaya mwaka 1969 isiyo na herufi e hata moja. Tukajiuliza: kwa Kiswahili tutoe ipi? Kutoa e ni mteremko. Tukatoa a.

Jaribu uone. Vitenzi vyetu vingi huishia na a, "na" hairuhusiwi, "ya", "wa", "kwa" zote nje, wakati uliopo hauwezekani na ujao pia hauwezekani. Kinachobaki ni wakati uliopita wa "li", vitenzi kama rudi, keti, subiri na fikiri, kukanusha kwa nafsi ya kwanza na ya pili za umoja, na dhamira tegemezi, kama "nisome". Baada ya saa nzima na chupa mbili za chai, nilichokuwa nacho ni hiki: "Nilirudi jioni. Ufunguo sikuuhisi mfukoni. Niliketi chini nikisubiri." Sentensi tatu. Lakini zisome tena. Mtu huyo ana upweke ambao sikuupanga, kwa sababu lugha ilinikatalia "yeye" na "wao". Wengine kikundini wanaliona zoezi hili la kipuuzi, na sitabishana nao.

Hadithi zangu zinaeleza kila kitu. Nawezaje kunyamaza?

Hemingway, mwandishi wa Marekani, aliandika mwaka 1932 kwamba hadithi ni kama mlima wa barafu unaoelea baharini: sehemu moja kati ya nane ndiyo inayoonekana juu ya maji. Mfano mzuri, ila barafu yenyewe hapa tunaijua ya kwenye pipa la samaki. Mimi huwaelekeza wenzangu kwenye kanga. Majirani wawili wamenuniana. Mmoja anapita uani na kanga mpya, maneno yake yamekaa pale pale yanapotakiwa kusomwa. Mwenziwe kesho yake anajibu kwa kanga nyingine. Hakuna aliyefungua mdomo, na mtaa mzima unajua.

Andika ugomvi huo. Wahusika wazungumze juu ya bei ya nazi tu.

Kiswahili si lugha yangu ya kwanza. Nitaweza?

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria, mbali na pwani. Ken Walibora alitoka magharibi mwa Kenya, na Siku Njema yake ya mwaka 1996 inasimuliwa na kijana anayesafiri kutoka hapa Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba yake. Mtu wa bara kaandika Tanga, na sisi wa Tanga tumesoma bila kununa. Zoezi ninalokupa ni kuandika mahali usipotoka kwa kutumia kitu kimoja tu unachokijua kwa mkono, kama vile kusuka mkeka au kuwasha jiko la mkaa, na usilazimishe lafudhi isiyo yako.

Nimeshaiga sana, sasa kila ninachoandika kinafanana na mwandishi mmoja. Nimeharibika?

Hapana, umenoga upande mmoja. Yamenipata mimi. Nilikuwa nimekisoma Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi, mara nyingi mno, kile cha Kazimoto anayejisimulia mwenyewe, msomi wa chuo kikuu asiyejipendekeza kwa msomaji. Nikaandika riwaya yenye msomi mwenye kukata tamaa, nikaipeleka kwa mchapishaji. Mswada ulirudi baada ya miezi tisa na kijikaratasi chenye mstari mmoja wa mhariri: "Huyu tunaye tayari." Niliumwa wiki nzima.

Dawa niliyoipata ni kuwachanganya. Chukua msimulizi wa nafsi ya kwanza asiyependeka, umpe nchi ya kubuni yenye majina ya tabia, halafu usimruhusu aeleze anavyojisikia, vitu tu. Makatazo matatu kutoka kwa watu watatu hayawezi kukaa pamoja bila mtu wa nne kuyashikilia, na huyo wa nne ni wewe. Mswada ule niliuandika upya hivyo. Msomi sasa ni fundi cherehani, na hajui kuwa amekata tamaa.

Muda gani kwa siku?

Dakika ishirini. Ukizidisha siku ya kwanza, siku ya nne hutaonekana.

Daftari au simu?

Chochote kilicho karibu. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa, na mashairi yake ya gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwa hiyo tukiulizana kalamu ya aina gani, mimi huona haya.

Programu ya akili bandia inaweza kunifanyia zoezi?

Inaweza. Ila ukimtuma mtu akakimbie kwa niaba yako, pumzi anapata yeye.

Nikimaliza zoezi, nilichapishe?

Likiwa bado linanuka jina la mwandishi uliyemwiga, liache daftarini. Sisi tunaandika juu ya kila karatasi tarehe, jina la mwandishi na katazo lililotumika, kisha tunaziweka kwenye bahasha ya khaki. Baada ya miezi mitatu tunaifungua. Kati ya karatasi kumi huwa napata moja ambayo, nikilifunika jina la mwandishi kwa kidole gumba, siwezi tena kukisia lilikuwa nani. Hiyo ndiyo ninayoipiga chapa.